Yai Moja kwa Kila Atakayekutaja

Kikatiti,
15 Januari 2023

Mwanangu Melkizedeki,

Amani ya Bwana ikufikie huko Dar es Salaam kwenye joto. Huku mlima umevaa wingu tangu juzi na migomba inafurahi. Mimi shangazi yako sijambo, ni mgongo tu unaonikumbusha umri. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya wote, ukituma ujumbe wa sauti unasikilizwa hadi na wateja wa mahindi. Barua utaikuta ndani ya boksi la parachichi, nimelikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi kama kawaida yetu.

Lile jarida lenye makala yako limefika. Asante sana, baba. Alhamisi nililipeleka kwenye jumuiya, nyumbani kwa Mama Lesian, likapita mkono kwa mkono. Picha ya ndoo tumeitambua, ile ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe unayotuchujia maji. Hans wa mashine ya kusaga akasema, "Kumbe ndoo imefika Ulaya kabla yangu!" Tukacheka sana.

Halafu akina mama wakaanza kutafuta majina yao. Kiingereza hatukijui, lakini jina ni jina, lingeonekana tu. Tukaliona lako peke yake, Dk. M. Nnko. Mwalimu Abdiel akasoma, akatuambia humu hakuna Namnyaki wala Diana wala Anjela, kuna namba. Namnyaki, yaani Mama Lesian, ni namba kumi na nne. Akauliza, "Mimi? Na Lesian wangu je?" Abdiel akasema, "Lesian ni kumi na nne b." Hapo hakucheka mtu.

Nikawaambia wasomi ndivyo wanavyoandika. Ila nakuuliza mwanangu, kuna ubaya gani kuweka majina? Miaka mitano hii wanakuletea watoto uwapime magoti, wanabeba mikojo ya watoto kwenye vichupa asubuhi kabla ya chai, wameacha magadi kwenye maharage, kwa vile ulisema yana ile floraidi ya maji yetu inayoharibu meno na mifupa, ijapokuwa maharage yanachelewa kuiva. Nijibu ukipata nafasi, si haraka.

Kila nikiamka nashukuru kwa ajili yako. Marehemu kaka yangu angekuwepo angelala na hilo jarida chini ya mto.

Shangazi yako,
Ndeshi


Dar es Salaam,
3 Februari 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Parachichi zimefika salama, mbili tu zimepondeka na hizo nimekula nikiwa nimesimama. Asante, na uwaambie akina mama asante.

Kuhusu majina, si mimi ninayeyaficha. Taratibu za utafiti zinakataza. Siku ya kwanza kabisa niliwaahidi kwa maandishi kwamba hakuna atakayejua mtoto yupi ana miguu iliyopinda na yupi ana meno ya kahawia, na wakaweka sahihi. Namba ni kwa kuwalinda. Nikiandika jina moja tu, utafiti unafungwa na mimi natafuta kazi nyingine. Waeleweshe kwa niaba yangu tafadhali.

Nami nina langu, shangazi, na sijamwambia mtu mwingine. Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa mwaka ujao. Bodi ya chuo itakaa kuamua kama wananiongezea muda. Hawaulizi umemsaidia nani. Wanauliza umechapisha makala ngapi, na wanasayansi wengine wamezirejelea mara ngapi. Maana yake, mtu popote duniani akiandika yake akasema "jambo hili nimelipata kwa Nnko," unahesabiwa moja. Wenzangu wa malaria wanatajwa mamia kwa mamia. Meno ya Wameru hayana wateja. Nimetajwa mara tano tangu nianze, na mara tatu kati ya hizo nimejitaja mwenyewe.

Kwa hiyo kipimo cha mwezi wa sita ndicho kila kitu. Ni cha mwisho. Nikipata watoto wote, naweza kuonyesha kama waliokunywa maji ya ndoo tangu wakinyonya wamekua na miguu iliyonyooka. Nisipowapata, sina makala, na bodi haina sababu ya kuniacha.

Niombee.

Melki


Kikatiti,
19 Machi 2023

Melki mwanangu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka ugali ukashika chini. Mtu mzima, daktari, anajitaja mwenyewe mara tatu! Huku kwetu mtu akisimama kanisani akajishuhudia hivyo, kwaya inaanza wimbo ili akae.

Lakini nimeliweka moyoni. Nimepiga magoti nikamwahidi Mungu jambo. Kwa kila mtu atakayekutaja huko duniani, nitapeleka yai moja madhabahuni, la kuku wangu yule mwekundu. Yai moja kwa kila atakayekutaja, na ukijitaja mwenyewe halihesabiki. Kwa hiyo wale wawili wa mwanzo nimeshawatolea Jumapili iliyopita. Mchungaji aliuliza ni ya nini, nikamwambia ni mambo ya sayansi.

Huku hatujambo. Akina mama wana shughuli, mvua zimeanza, kila mtu yuko shambani. Princess, yule binti mkubwa wa Mama Lesian, amepata mchumba wa Moshono, wazee wa huko wamekuja mara moja kubisha hodi. Tunamshukuru Mungu.

Mwezi wa sita ukija, upitie kwangu kwanza kabla hujaenda ofisi ya kijiji. Nina mbege kidogo, ile pombe yetu ya ndizi, ya kukupokea, na maneno mawili matatu.

Shangazi,
Ndeshi


Arusha, Kimandolu,
2 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwa rafiki yangu hapa Kimandolu, kesho narudi Dar. Nisamehe kwamba sikupita kwako. Gari la chuo lilinishusha moja kwa moja ofisi ya kijiji, na baadaye sikuwa na uso wa kuonana na mtu.

Nimekaa pale siku mbili na mizani yangu na vichupa vyangu. Wamekuja akina mama watatu. Nikasema labda hawakusikia tangazo, nikazunguka nyumba kwa nyumba. Anjela alinikaribisha chai akaniambia mtoto yuko kwa bibi yake. Diana alisema mume hayupo. Kwa Mama Lesian nilipiga hodi, nikasikia watoto ndani, hakutoka mtu. Ndoo yangu nimeiona nje, nyuma ya zizi, imefunikwa gunia.

Sina hasira nao. Nafikiri wamenichoka. Wameona nimepata udaktari kwa miguu ya watoto wao na wao wamebaki na ndoo. Labda wana haki.

Kuna mradi mkubwa umenialika, wa kisukari. Watafiti wengi, nchi nyingi, kila makala ina majina arobaini na langu litakuwemo katikati. Nitatajwa mpaka nichoke. Nafikiri nitakubali, na mwezi wa tisa nitaiandikia bodi kwamba kazi ya Kikatiti imefungwa.

Asante kwa miaka yote hii ulivyonishika mkono kuingia kwenye zile nyumba. Hilo silisahau.

Melki


Kikatiti,
10 Julai 2023

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Usiandikie bodi yoyote.

Hawajakuchoka. Wanaona aibu, na nitakueleza ilivyoanza. Unakumbuka miaka ile ya ugonjwa tuliokuwa hatuutaji? Wewe ulikuwa mdogo. Watu walikuja na magari, wakachukua damu, wakawapa watu kadi za namba, na majina yakafungiwa. Aliyekuwa na namba, kijiji kizima kilijua kwa nini jina lake limefichwa. Tulizika wengi wenye namba.

Sasa Abdiel aliposoma kwamba Namnyaki ni kumi na nne, neno lilitoka pale kwenye jumuiya likatembea. Likafika sokoni, likapanda gari likafika Moshono. Wale wazee wa mchumba wa Princess walipokuja mara ya pili, mama mkwe mtarajiwa akasema mbele ya watu, "Sisi hatuna neno na binti. Tunataka tu kujua, daktari ameficha jina la mama yake kwa ugonjwa gani?" Namnyaki alikuwa ameshika sinia la nyama. Aliliweka chini akatoka nje. Wakaondoka bila kupanga siku. Kesho yake ndoo ikaenda nyuma ya zizi, na wengine wakaona, wakafanya vivyo hivyo.

Niliwaeleza yale ya kuwalinda, kama ulivyoniagiza. Diana akanijibu, "Shangazi, analinda nini kama hakuna kitu?" Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungeumia, nikadhani nitalimaliza mwenyewe kabla hujafika. Ndiyo yale maneno mawili matatu niliyokuwa nimekuwekea.

Kwa hiyo nakusihi. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane ni sikukuu yetu ya mavuno. Ngoja mpaka hapo. Je, hizo taratibu zako zinamkataza na mtu mwenyewe kujitaja?

Shangazi yako akupendaye,
Ndeshi


Dar es Salaam,
24 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Nimeandika ile fomu ya siri mimi mwenyewe, kwa Kiswahili kizuri, nikajiona mwema. Sikufikiria hata mara moja kwamba kwa watu waliozika watu wenye namba, inasomeka hivyo. Na Namnyaki alikuwa ananisikia pale mlangoni nikipiga hodi!

Swali lako nimelipeleka kwa wakubwa wa maadili ya utafiti. Wamejibu: mimi siruhusiwi kumtaja mtu, lakini jina ni la mwenyewe. Akitaka kulisema, hakuna wa kumzuia. Ila asishawishiwe, na asiahidiwe chochote. Hilo nakuomba sana, shangazi. Asisukumwe mtu.

Mradi wa kisukari wamenipa mpaka katikati ya mwezi wa tisa niwajibu. Nitangoja.

Mpe pole Namnyaki.

Melki


Kikatiti,
4 Septemba 2023

Melki baba,

Bwana asifiwe! Naandika haraka kwa furaha, utanisamehe mwandiko.

Sikumsukuma mtu, Mungu ni shahidi. Nilimsomea Namnyaki barua yako, yote, hadi pale pa kupiga hodi. Alikuwa anachambua mchicha. Akasema, "Kumbe alijua niko ndani," akaendelea na mchicha.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa, ndizi hadi mlangoni. Ulipofika wakati wa shukrani za familia, mchungaji akauliza kama kuna mwingine. Namnyaki akasimama. Amevaa kile kitenge chake cha kijani, Lesian amemshika mkono. Nikaona Princess anainamisha kichwa. Na kumbe yule mama wa Moshono yuko benchi la tatu, amekuja na mwanawe kumsalimia mchungaji ambaye ni ndugu yao.

Akapewa kipaza sauti. Akasema, "Mimi naitwa Namnyaki. Mnanijua. Kwa daktari Melki mimi ni namba kumi na nne. Nimesikia watu wanauliza ugonjwa wangu ni upi mpaka nifichwe jina. Basi nimekuja nao, utazameni." Halafu, mwanangu, akacheka. Kicheko cha mdomo wazi, meno yote nje, ya kahawia kama yangu. Na wewe unajua wanawake wa hapa, tangu usichana tunacheka tumeziba mdomo kwa mkono au kwa kanga. Mimi sijawahi kuyaona meno ya Namnyaki yote, na tumeimba kwaya pamoja miaka mingi.

Akasema, "Huu ndio ugonjwa wangu, ni maji. Kama yupo hapa asiye nao, asimame anicheke." Mzee Fanuel kule nyuma akapaza sauti, "Mama, hapo utasimama peke yako mpaka jioni!" Watu wakaanza kucheka, kisha nikaona kitu ambacho sijakiona tangu kuzaliwa: wanacheka na mikono iko mapajani. Nikamtazama yule mama wa Moshono. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa, mabega yanamruka. Kisha kitambaa kikashuka. Baba, ya kwake ni meusi kuliko yetu!

Ndipo Namnyaki akamwinua Lesian juu ya benchi. "Huyu alianza maji ya ndoo akinyonya. Lesian, waonyeshe." Mtoto akafungua mdomo kama yuko kwa daktari. Yale mawili mapya ya mbele yametoka meupe. Siyo meupe ya kwenye tangazo la dawa ya meno, yana vidoa kidogo, lakini meupe. Bibi mmoja akaja kuyagusa kwa kidole. Diana akasimama, akasema jina lake. Anjela akasimama. Kila mmoja jina lake na la mtoto wake, hakuna aliyeitwa.

Njoo na mizani yako. Ndoo zimeoshwa.

Shangazi,
Ndeshi

Nimesahau: wazee wa Moshono wamerudi. Mama mkwe amemwomba Namnyaki ndoo.


Dar es Salaam,
30 Novemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya muda mrefu, simu za haraka haraka si kitu. Sasa nina la kuandika.

Tangu siku zile nilipowapima watoto wote pale ofisi ya kijiji, na Mama Lesian akasimamia foleni kama askari, nimekuwa nikiandika. Makala ilitoka mwezi wa tano. Miguu ya waliokunywa maji ya ndoo tangu wachanga imenyooka, na sasa si mimi ninayesema, ni vipimo. Watu wa kisukari niliwaambia hapana siku ile ile nilipopata barua yako ya mavuno.

Bodi imekaa wiki iliyopita. Nakueleza ilivyo, bila kupamba. Cheo sijapata. Mwenyekiti alisoma karatasi yangu akasema, "Makala hii muhimu imerejelewa mara moja." Mara moja, shangazi. Nikaona imekwisha. Kisha mjumbe mmoja mama akauliza, "Imerejelewa na nani?" Nikamwambia, na daktari wa Kenya, kule bonde la Naivasha ambako maji ni kama yetu. Amesoma, ameweka ndoo za mkaa wa mifupa kwenye shule ya watoto wadogo, akaandika kwamba amefuata njia ya Nnko. Yule mama akawageukia wenzake, "Kwa hiyo hiyo moja ni shule nzima?" Wameniongezea miaka miwili, na nitaendelea hapo hapo Kikatiti.

Majina sikuweza kuweka. Lakini mwisho wa makala kuna sehemu ya shukrani, nimeandika: "Tunawashukuru akina mama waliosimama." Mhariri aliniuliza walisimama wapi na kwa nini. Nikamjibu yanatosha hayo, wao wenyewe wanajua.

Kwa hiyo unadaiwa yai moja tu, shangazi. Pole kwa kuku mwekundu, nilitamani umalize banda.

Wako daima,
Melki


Kikatiti,
16 Desemba 2024

Melkizedeki mwanangu,

Usiseme "moja tu". Bwana Yesu aliponya wenye ukoma kumi akarudi mmoja kushukuru, na huyo mmoja tunamsoma mpaka leo.

Jana nimepeleka yai langu. Nililifunga kwenye leso nisilivunje. Baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka nje, Mzee Fanuel akiuza kama kawaida yake. Kuku, mikungu, parachichi, kisha akaliinua yai moja hivi, akasema, "Na hili la nani limepotea njia?" Watu wakacheka. Nikamwambia nina neno. Nikawasomea barua yako, ile sehemu ya shule ya Kenya, na ile ya waliosimama. Nilipofika hapo Namnyaki akageuka akatazama mlima. Nilimwacha.

Hans akalinunua. Akalishika, akasema, "Narudisha kwa Bwana, liuzwe tena." Akalinunua Diana, akarudisha. Akalinunua Abdiel mwalimu, akaomba radhi kwa akina mama kwa kusoma bila kueleza, akarudisha. Anjela, akarudisha. Princess na mume wake, wakarudisha. Yule mama mkwe wa Moshono alikuja kutembea, naye akalitaka, akalishika kwa mikono miwili, akarudisha. Mikungu ilikuwa imeshaisha, jua kali, na watu bado wanagombea yai! Mwisho Mzee Fanuel akasema, "Jamani, hili yai limechoka, liacheni na lenyewe liende nyumbani." Ndipo Namnyaki akalichukua na hakurudisha. Ana kuku anayeatamia.

Nilianza kuhesabu waliolishika, nikaacha. Lilikuwa yai lile lile moja.

Waambie bodi asante. Na yule mjumbe mama, mpe parachichi kwenye boksi hili, nimemwekea za kwake upande wa kushoto.

Shangazi yako mwenye furaha,
Ndeshi

Nimesahau jambo: huyo daktari wa Kenya anaitwa nani? Jumuiya inataka kumwombea Alhamisi. Tuandikie jina lake kamili.